Safari ya kikazi kwenye SACCOS: kuanzia kalenda hadi kurejesha masurufu

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kazi yake inamfikisha kwenye ofisi za vyama vya akiba na mikopo: muuzaji wa mifumo ya kompyuta, afisa wa bima ya mikopo, mkufunzi, mshauri wa fedha, au ofisa wa chama kikuu anayezungukia vyama wanachama. Una wiki moja. Una wateja wanne au watano wa kuwaona, na katikati yao kuna wenzako wa sekta ambao huwauzii kitu wala hawakuuzii, ila ukipita mjini kwao bila kubisha hodi watalijua.

SACCOS haitembelewi kama benki. Mwenye mali ni huyo aliyekaa kwenye benchi anasubiri kutoa akiba yake, na ana kura moja tu sawa na mwenzake mwenye akiba mara mia ya hiyo. Bodi inachaguliwa miongoni mwa wanachama, na wajumbe wengi wana ajira au biashara zao kwingine. Halafu kuna jambo ambalo wageni hulisahau: vyama hivi vinaongea. Ushirikiano baina ya vyama ni kanuni ya sita kati ya kanuni saba za ushirika zilizopitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Ushirika mwaka 1995, na tofauti na kanuni nyingi za kwenye makaratasi, hii inafanya kazi kila siku kwa simu. Utakachomwambia meneja wa Jumatatu, meneja wa Alhamisi atakuwa nacho kabla hujashuka kwenye gari. Ipange safari nzima ukilijua hilo.

Hatua ya 1: Kwa kila mteja, sentensi moja

Kabla ya tiketi, chukua karatasi na uandike kwa kila mteja kwa nini unamwendea. Sentensi moja. "Naenda kumaliza lalamiko la ripoti ya mikopo." "Naenda kumfahamu meneja mpya." "Naenda kuomba mkataba uongezwe." Sentensi ikikataa kuandikika, mteja huyo mpigie simu, usimwendee.

Epuka kuchanganya kutengeneza na kuuza katika kikao kimoja. Mteja mwenye lalamiko la miezi mitatu, ukimfungulia kompyuta na kumwonesha bidhaa mpya, anaona umekuja kwa faida yako. Lalamiko kwanza, na bidhaa ingoje safari nyingine. Mabosi hawapendi kusikia hivi kwa kuwa nauli imeshalipwa, lakini nauli ya kumrudia mteja aliyeondoka ni kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Soma kalenda ya chama, yako baadaye

Tarehe mbaya huharibu safari nzuri, na tarehe mbaya kwenye vyama hivi zinajulikana. Siku za mwisho na za mwanzo wa mwezi wanafunga hesabu. Chama cha wafanyakazi kina mzigo mwingine juu ya huo: orodha ya makato ya mishahara inaingia kutoka kwa mwajiri, na kila jina lazima lioanishwe na akaunti ya mwanachama, akiba kando, marejesho ya mkopo kando. Orodha ikija na majina yaliyokosewa au watu waliohama idara, mhasibu hanyanyui kichwa. Chama cha wakulima kina mwendo wake: mikopo inatoka msimu wa kupanda, pesa inarudi baada ya mavuno, na vipindi vyote viwili ofisi hujaa.

Kisha kuna mwaka wenyewe. Kufunga mwaka wa fedha, wakaguzi wa nje, na mkutano mkuu wa mwaka. Wiki tatu za kabla ya mkutano mkuu meneja yuko nawe kwa mwili tu. Anawaza gawio, anawaza taarifa ya bodi, anawaza yule mwanachama anayesimamaga kila mwaka na swali lilelile. Nenda baada ya mkutano, wiki ya tatu au ya nne. Wakati huo bajeti imeshapitishwa, wajumbe wapya wamejulikana, na kama kuna agizo la wanachama linalokuhusu, litakuwa limeandikwa kwenye muhtasari.

Tarehe moja ni ya kuitafuta kwa makusudi: Alhamisi ya tatu ya Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Vyama vya Akiba na Mikopo, inayoadhimishwa tangu 1948. Usiombe kikao siku hiyo. Nenda kama mgeni mwalikwa, simama pembeni, sikiliza wanachama wanavyokisema chama chao wakiwa hawajui wewe ni nani.

Wajumbe wa bodi waombe jioni au Jumamosi. Mwenyekiti ambaye mchana ni mwalimu au muuguzi hawezi kuja kukuona saa tano asubuhi.

Hatua ya 3: Soma mizania kabla hujafunga begi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Taarifa ya fedha ya chama husomwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, kwa hiyo kuipata si shida: iombe ofisini kwao au itafute kwenye kabrasha la mkutano uliopita. Ukiifungua, ipime kwa vipimo ambavyo sekta yenyewe inavitumia. Vinavyojulikana zaidi ni vya PEARLS, mfumo wa Baraza la Vyama vya Akiba na Mikopo Duniani, WOCCU, lililoanzishwa 1971. Una vipimo vingi, ila msafiri anatosheka na vichache: mikopo kwa wanachama iwe kati ya 70% na 80% ya mali zote, akiba za wanachama nazo ziwe 70% hadi 80%, mkopo wa chama kutoka nje usizidi 5%, mtaji wa chama chenyewe, yaani akiba ya lazima (sehemu ya ziada ambayo chama hujiwekea, si akiba za wanachama) na ziada isiyogawiwa, usipungue 10%, mali zisizoingiza kipato zisizidi 5%, na mikopo iliyochelewa isivuke 5% ya mikopo yote.

Tuseme umeletewa mizania ya chama cha kufikirika, nayo umeigeuza iwe kwa kila 100 za mali ili macho yasichoke. Upande wa mali: mikopo 84, fedha taslimu na amana za benki 7, majengo na samani 9. Upande wa pili: akiba na amana za wanachama 68, hisa 9, mkopo kutoka benki 17, akiba ya lazima na ziada 6.

Mtu wa haraka ataona 84 na kufurahi: chama kinakopesha. Wewe iangalie pamoja na 17. Wanachama wanakopa kuliko wanavyoweka, chama kimeenda benki kukopa ili kiwakopeshe wao, na benki inataka riba yake kwa tarehe, mwanachama arejeshe asirejeshe. Hapo kwenye 7 ndipo pa kutoa kila kitu: mwanachama anayedai amana yake, mshahara wa wafanyakazi, rejesho la benki. Na mto wa kulalia ni 6 tu. Mikopo ikichacha kidogo, mtaji wote unaweza kuyeyuka, kwa sababu kwa vipimo hivyohivyo mkopo uliochelewa kupita miezi 12 unatakiwa utengewe fedha za kufidia hasara kwa 100%.

Sasa rudi kwenye sentensi yako ya Hatua ya 1. Kama uliandika "naenda kuwauzia huduma ya mikopo ya papo kwa papo kwa simu", ifute. Chama hiki hakina shida ya kukopesha haraka, kina shida ya kukusanya akiba. Ukiwapelekea chombo cha kumkumbusha mwanachama kuweka, au ripoti inayoonesha nani ameacha kuchangia tangu miezi mitatu iliyopita, watakusikiliza. Na ukiingia ofisini ukakuta foleni ndefu ya wanaotoa fedha, utajua chanzo chake bila kuuliza swali la kumfedhehesha meneja.

Namba hizi ni za kukupa maswali. Usizisome kwa sauti kikaoni kama hakimu. Meneja anazijua kuliko wewe, na huenda kila robo mwaka anazijaza kwenye fomu ya msimamizi wa sekta huku akikunja uso.

Soma pia masharti ya chama ukiweza kuyapata, hasa kifungu cha mamlaka: meneja anaweza kuidhinisha matumizi ya kiasi gani, bodi kiasi gani, na lini lazima mkutano mkuu useme. Kuna watu wamefukuzia saini ya meneja mwaka mzima kwa jambo ambalo kisheria halikuwa la meneja.

Hatua ya 4: Andika barua inayojibika

Barua pepe ya kuomba nafasi iwe fupi, itaje muda, itaje mambo, na imwambie msomaji asichopaswa kuogopa. Kwa mfano:

"Ndugu Meneja, nitakuwa mjini kwenu Jumanne na Jumatano za wiki ijayo. Naomba nikuone Jumanne saa nne asubuhi kwa saa moja. Jambo kubwa ni ripoti ya mikopo iliyochelewa, ambayo ofisi yako ilitueleza kuwa haioani na leja. Nitakuja na majibu, na nitakuja na fundi kwenye simu. Baada ya hapo, ukiniruhusu, ningependa kukaa nusu saa na afisa mikopo na nusu saa na mhasibu kwenye meza zao. Iwapo Mwenyekiti atakuwepo, nitafurahi kumsalimia. Safari hii sina bidhaa ya kuuza."

Tazama ruhusa zilizoombwa hapo. Kukaa na afisa mikopo kumeombwa kwa meneja, na kumsalimia mwenyekiti pia. Ukimpigia mwenyekiti kwa siri kwa sababu mlikutana kwenye semina, meneja atasikia, na tangu siku hiyo kila ombi lako litalala kwenye trei yake. Kinyume chake ni hatari vilevile: kumzunguka mwenyekiti kwa jambo la bodi ukitegemea urafiki na meneja.

Wenzako waandikie tofauti. Ujumbe wa simu unatosha: "Nitapita Jumatano mchana, una dakika ishirini?"

Hatua ya 5: Njia na begi

Vyama viwili kwa siku, basi. Cha tatu utakifikia umechelewa na umechoka, na kitakuwa ndicho kilichojiandaa kuliko vyote. Mteja mgumu mweke siku ya pili: siku ya kwanza bado unazoea, na siku ya mwisho akili iko kwenye usafiri wa kurudi. Kati ya kikao na kikao acha saa nzima mbali na mwendo wa barabarani, kwa sababu mazungumzo yenye maana huanza mlangoni wakati unaaga.

Begini: nakala ya mkataba wa kila mteja, orodha ya malalamiko yake yote ya mwaka yakiwa na tarehe na majibu, daftari la karatasi. Kompyuta isiwe na taarifa za wanachama wa chama chochote. Ukitaka kuonesha mfano, tumia majina ya kubuni. Kumwonesha mteja mmoja skrini yenye akaunti za chama kingine, hata kwa sekunde mbili, kunamwambia kwamba kesho za kwake zitaoneshwa kwingine.

Zawadi ni jambo la tahadhari. Kalenda au kalamu kwa ofisi nzima haina neno. Kitu cha mtu mmoja mmoja, hasa mjumbe wa bodi au wa kamati ya mikopo, kinaweza kumletea maswali kwenye kamati ya usimamizi hata kama nia yako ni njema. Na zabuni ikiwa wazi, usipeleke chochote.

Hatua ya 6: Kaa kwenye benchi la wanachama

Fika dakika ishirini kabla. Usimwambie mapokezi "meneja ananisubiri" ukapitishwa ndani moja kwa moja. Kaa wanapokaa wanachama.

Kuna mambo ya kuyaangalia pale ambayo hayako kwenye ripoti. Foleni ya kuweka na foleni ya kutoa, ipi ndefu? Matangazo ukutani ni ya lini? Ukiona tangazo la riba ya mwaka juzi, jua kuna mtu anajibu maswali yaleyale kutwa nzima. Keshia anaandika kwenye kompyuta tu, au anaandika kwenye kompyuta kisha kwenye daftari? Mwanachama akipewa fomu ya mkopo, anairudisha dirishani mara ngapi? Fomu ikirudi mara mbili kwa sababu ya saini ya mdhamini, hiyo ni kazi yako ya baadaye, imejileta yenyewe.

Usipige picha. Usimhoji mwanachama. Akikusemesha, msikilize.

Hatua ya 7: Kikao na meneja, kisha meza za wafanyakazi

Anza na lalamiko. Lisome kama walivyoliandika wao, si kama kitengo chako kilivyolifupisha, halafu useme limefikia wapi. Kama halijatatuliwa, sema halijatatuliwa na nani analo mkononi. Maneno kama "tunalifanyia kazi" wameyasikia, na wengine huyatumia wao wenyewe kwa wanachama, kwa hiyo wanayajua maana yake.

Baada ya hapo nyamaza. Mwulize meneja swali moja pana, kwa mfano ni kitu gani mkaguzi alikiandika mwaka huu ambacho kinamnyima raha, na umwache aseme. Hoja za mkaguzi ni njia nzuri ya kuingilia: zimeandikwa, zina tarehe ya kujibiwa, na bodi inazifuatilia.

Saa ya meneja ikiisha, nenda kwenye meza za kazi. Hapo ndipo safari inapolipa. Muombe afisa mikopo afanye kazi yake ya kawaida na wewe ukae pembeni yake. Tuseme ni dada mwenye miaka mingi pale, na mkono wa kushoto ana daftari la jalada gumu lililochakaa pembe.

"Dada, hilo daftari la nini?"

"La wadhamini."

"Si wanaingizwa kwenye mfumo?"

"Wanaingizwa, kaka. Lakini mfumo unanipa nafasi nne. Huyu hapa amedhaminiwa na watu sita, maana kila mmoja akiba yake ni ndogo. Wanne nimewaingiza, wawili wako humu."

"Na mmoja wa hao wawili akitaka kujitoa uanachama?"

"Ndiyo maana daftari haliondoki mezani. Keshia huniuliza kwanza."

Umesikia? Usalama wa mikopo ya chama kizima unategemea daftari moja na kumbukumbu ya mtu mmoja. Siku dada huyu akiwa likizo, mdhamini anaweza kulipwa akiba yake yote na kuondoka, na mkopo ukabaki na pengo. Meneja hakulitaja kwa sababu kwake halijawahi kuwa tatizo, linafanya kazi. Kila daftari, kila karatasi iliyobandikwa kwenye kompyuta, kila jedwali la pembeni linakueleza mahali ambapo huduma yako haifiki. Uliza limeanza lini na linahifadhi nini. Usimcheke mtu kwa kulitunza, na usiende kumshtaki kwa meneja. Mwombe ruhusa yeye kwanza: "Naweza kulisema hili kwa meneja kama jambo la kurekebisha upande wetu?"

Hatua ya 8: Ukikutana na bodi

Kwa kawaida utapewa dakika kumi na tano mwanzoni mwa kikao chao, kisha utatoka. Zitumie hivi: nani wewe, mmefanya nini kwa chama mwaka huu, kitu gani hakijakamilika, kimebaki nini mikononi mwao. Zungumza kwa upande wa mwanachama. Badala ya kusema mfumo sasa una ujumbe wa moja kwa moja, sema mwanachama anapata taarifa ya makato yake siku ileile yanapoingia, na kwamba malalamiko ya dirishani yanatarajiwa kupungua. Wajumbe hawa watakuja kuulizwa na wanachama wenzao, kanisani, msikitini, kazini. Wape jibu watakaloweza kulirudia.

Usitaje bei mpya wala tarehe ambayo hujaikubaliana na ofisi yako. Ukitaja, itaingia kwenye muhtasari, na muhtasari wa bodi hausahau.

Mjumbe akikuuliza "meneja wetu unamwonaje?", jibu ni kwamba mnashirikiana vizuri kwenye mambo yaliyo mezani. Hata kama una maoni. Na kama uchaguzi wa bodi uko karibu, kaa mbali na picha za pamoja. Mgombea anaweza kuitumia kama kampeni, na mpinzani wake akishinda utamkuta kwenye kiti.

Hatua ya 9: "Wenzetu wanafanyaje?"

Swali hili litakuja kwenye kila chama, na jinsi unavyolijibu ndiko kutakakoamua kama utaaminiwa katika sekta hii.

Wanauliza kwa haki. Vyama hivi havishindani kama maduka mawili yanayotazamana. Marekani, kwa mfano, kuna mtandao ambao mwanachama wa chama kimoja anahudumiwa kwenye kaunta ya chama kingine. Kwa hiyo meneja anapotaka kujua mwenzake amelimalizaje tatizo la wadhamini, hafanyi ujasusi. Lakini wewe si mwenye taarifa hizo. Umezipata ukiwa mgeni.

Njia inayofaa ina matawi mawili. La kwanza, eleza utaratibu bila kumtaja mtu: "Kuna chama kinachozuia akiba ya mdhamini moja kwa moja mkopo unapoidhinishwa, na kuifungua kidogokidogo kadiri mkopaji anavyorejesha." Angalia tu usitoe dalili za kumtambulisha; ukisema "chama cha walimu chenye matawi matatu", umeshataja jina. La pili, na ndilo ninalolipenda, waunganishe. Mpigie meneja wa chama cha kwanza, umuulize kama yuko tayari kuongea na mwenzake, na akikubali uwape namba na ujitoe. Wataongea mambo ambayo usingeyajua, na wote wawili watakumbuka nani aliyewakutanisha.

Upande wa bei, jiandae kwa ukweli kwamba wamelinganisha ankara. Kama chama kimoja kinalipa zaidi ya kingine, uwe na sababu unayoweza kuisema mbele ya wote wawili: idadi ya wanachama, idadi ya matawi, kiwango cha huduma. Kama sababu pekee ni kwamba huyu alibishana sana na yule hakubishana, rekebisha jambo hilo ofisini kabla ya kusafiri.

Hatua ya 10: Wenzako

Siku moja ya safari, au nusu siku, iwe ya watu wa kazi moja nawe: ofisi ya tawi lenu, watu wa chama kikuu, wakufunzi, meneja aliyestaafu ambaye bado anapigiwa simu na nusu ya sekta. Wanaobana matumizi huikata siku hii kwanza, kwa kuwa haina mauzo. Binafsi ningekata hoteli nzuri kabla ya kuikata.

Sekta hii imetembea kwa miguu ya wageni tangu mwanzo. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama chake cha mikopo Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864. Alphonse Desjardins wa Kanada aliwaandikia watu wa ushirika wa Ulaya akiwauliza utaratibu wao, akafungua chama chake mjini Lévis, Quebec, mwaka 1900. Miaka minane baadaye alikwenda Manchester, New Hampshire, kuwasaidia wafanyakazi wa viwanda wenye asili ya Kanada ya Kifaransa kuanzisha chama cha kwanza cha aina hiyo nchini Marekani. Naye Edward Filene, mfanyabiashara wa Boston, aliuona ushirika wa mikopo wa wakulima akiwa safarini India mwaka 1907, akarudi kwao na hoja hiyo, na mwaka 1909 Massachusetts ikapitisha sheria yake ya vyama vya akiba na mikopo. Hakuna kati yao aliyesafiri na kabrasha la mauzo.

Kwa wenzako usiende mikono mitupu ya habari. Peleka jambo moja ulilojifunza ambalo si siri ya mtu: mabadiliko ya kanuni yanayokuja, kosa la kawaida kwenye fomu za msimamizi, mkufunzi mzuri mliyemtumia. Nao watakupa lao. Uliza hasa nani amehama. Meneja wa mikopo aliyeondoka chama kimoja huonekana kwenye kingine akiwa meneja mkuu, na atakukumbuka kwa jinsi ulivyomtendea alipokuwa kwenye meza ndogo.

Hatua ya 11: Usiku uleule

Kabla ya kulala andika. Kesho usiku vyama viwili vitakuwa vimechanganyika kichwani, na utampelekea huyu ahadi ya yule. Kwa kila chama mistari mitano inatosha: nani nilikutana naye na cheo chake, nini kinawauma, nimeahidi nini na kwa tarehe gani, wao wameahidi nini, nini nilikiona bila kuambiwa. Ule mstari wa mwisho usiuweke kwenye barua ya shukrani. Ni wako na timu yako.

Barua ya shukrani itoke ndani ya siku moja, na ibebe ahadi zote mbili, yako na yao, zikiwa na tarehe. Mnakili afisa mikopo na mhasibu uliokaa nao, kama meneja aliwatambulisha rasmi. Watu hao hawazoei kuona majina yao kwenye barua za wageni.

Hatua ya 12: Ukirudi ofisini

Ripoti ya safari iwe ukurasa mmoja na jedwali la kazi: jambo, mteja, anayelishika, tarehe. Kurasa kumi hazisomwi. Yale madaftari ya pembeni yape aya yake, kwa sababu ukikuta vyama vitatu kati ya vitano vina daftari la wadhamini, hilo si ombi la mteja mmoja tena, na watu wa kutengeneza mfumo wanahitaji kuliona likiwa pamoja.

Ahadi ndogo zimalize wiki ileile. Ulisema utatuma fomu, tuma. Ulisema utauliza, uliza na upeleke jibu hata kama ni "hapana".

Kurejesha masurufu fanya kabla mhasibu hajakuandikia: stakabadhi kwa tarehe, kila moja ikiwa na jina la mteja uliyemwendea nyuma yake kwa kalamu, kwa sababu baadaye mtu atataka kujua kila mteja amegharimu kiasi gani, na bila majina hayo hutaweza kumjibu. Halafu fungua kalenda ya mwaka ujao, weka tarehe za mikutano mikuu ya vyama ulivyovitembelea, hesabu wiki tatu baada ya kila mmoja, na uandike jina la mtu wa kumpigia.